Usimtoe binti kikosini kwa kipimo cha siku moja

Kocha mwenzangu wa Mbale, umesema senta wako wa netiboli ameruka kwa mguu mmoja sentimita 150 kushoto na 132 kulia, yaani kulia ni asilimia 88 ya kushoto, na kwa kuwa umesoma kwamba chini ya 90 ni hatari unataka kumweka benchi Jumamosi. Nakuomba usubiri. Hapa Jinja niliwahi kumweka binti benchi kwa hesabu ya namna hiyo, na nilimkosea.

Nilimpima asubuhi, saruji bado ina umande. Alianza na kulia, na zoezi lenyewe hakuwahi kulifanya. Aliruka kwa woga, akatua akiyumba mpaka akagusa chini kwa mguu wa pili, nami nikaandika: 131. Alipofika kushoto alikuwa ameshalielewa: 152. Wiki moja baadaye, sakafu kavu na viatu vilevile, nilimpa miruko mitatu ya kuzoea kila mguu kabla ya kushika kalamu. Kulia 142, kushoto 154. Asilimia 92. Alikosa mechi nzima kwa sababu ya umande na haraka yangu.

Siku hizi nachora mstari kwa chaki, kidole gumba cha mguu kinakaa nyuma yake, napima mpaka kisigino kilipotua, na asipotulia sekunde mbili mruko hauhesabiwi. Narudia siku nyingine, saa ileile. Kisha nalinganisha kulia na kulia kwanza. Mguu mmoja ukitofautiana wenyewe kwa sentimita 8 kati ya siku mbili, tofauti ya 8 kati ya miguu miwili haikuambii kitu.

Kipimo cha kukimbia na kugeuka, kile cha mita 5 kwenda na 5 kurudi, ni kigumu zaidi. Kidole chako kwenye saa kikichelewa kidogo, tayari kimeshakula tofauti yote unayoitafuta. Tena sehemu kubwa ya muda ule ni mbio tu, kwa hiyo mwenye kasi anaweza kuficha mguu unaogeuka vibaya. Mimi namtazama anavyofunga breki: je, goti linaingia ndani?

Netiboli inadai breki hizo kuliko michezo mingi. Ukishadaka huruhusiwi kutembea na mpira, na una sekunde 3 za kuutoa, hivyo mguu uliotua kwanza unabeba kila kitu. Wengi wana mguu wanaoupenda. Mhesabie kwenye mazoezi anatua na upi.

Pengo likibaki upande uleule siku zote mbili, hata kwenye miruko mitatu mfululizo, basi lipo, anza kuuimarisha. Ila kama amewahi kuumia goti, asilimia 95 isikutulize: mguu ambao haukuumia nao huwa umedhoofika, unalinganisha mnyonge na mnyonge. Na goti likivimba au akisema linamwachia, asiruke kabisa, aende kwa mtaalamu wa viungo.

Mpime tena Alhamisi, sakafu ikiwa kavu, kisha tuletee namba zote nne, za miguu yote miwili kwa siku zote mbili.