Mashine Ikikataa Mkopo, Itoe Hoja Inayojibika

Kwa muda sasa nimekuwa nikikisaidia chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Chake Chake kuchambua maombi ya wanachama kwa programu ya akili mnemba. Chama chochote kinachotaka kufuata njia hiyo nakishauri jambo moja: kisikubali maelezo ya uamuzi ambayo mwanachama hawezi kuyajibu.

Programu nyingi, zikiulizwa kwa nini zimekataa ombi, hutoa orodha ya vigezo na uzito wa kila kimoja. Mbinu mashuhuri za aina hiyo, LIME ya mwaka 2016 na SHAP ya mwaka 2017, humfaa fundi anayetaka kujua programu imeegemea wapi. Lakini mama aliyekuja na barua ya sheha mkononi, akaambiwa kwamba kipato cha msimu kimempunguzia alama na muda wa uanachama umemwongezea kidogo, hajui aseme nini ili uamuzi ubadilike, na karani aliye mbele yake hajui pia.

Njia niliyoiona inafaa zaidi ni ya hoja rasmi, yaani kuzipanga sababu za kukubali na za kukataa kama hoja zinazopingana, njia ambayo mwanasayansi wa kompyuta Phan Minh Dung aliiwekea msingi mwaka 1995. Alionyesha kwamba ukishajua hoja ipi inaipinga ipi, unaweza kukokotoa hoja zinazosimama bila hata kutazama kilichomo ndani yake. Hoja isiyopingwa na nyingine yoyote hukubaliwa, inayopingwa na iliyokubaliwa huanguka, na ile ambayo wapinzani wake wote wameanguka husimama tena.

Tumchukue mkulima wa karafuu. Hoja ya kwanza inasema apewe mkopo kwa sababu ameweka akiba bila kukatiza. Ya pili inaipinga kwa kuwa kipato chake cha msimu huu kimeshuka sana. Ya tatu inaipinga ya pili: mikarafuu haizai sawa kila mwaka, kwa hiyo msimu mmoja hautoshi kumpimia mkulima. Ya tatu haina mpinzani, basi ya pili inaanguka na ya kwanza inasimama. Ikija hati kwamba mikarafuu hiyo hiyo imeshawekwa rehani kwingine, jambo ambalo Pemba si geni, hiyo ni hoja ya nne inayoipinga ya kwanza moja kwa moja, na ombi linakataliwa. Hata hivyo mkulima ameielewa sababu, na anaweza kuijibu kwa kuonyesha kuwa rehani ameshaikomboa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua programu yoyote, kaeni na kamati ya mikopo mziandike hoja hizi kwenye karatasi. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alitoa mwaka 1958 maswali yanayosaidia sana hapa: dai linasimama juu ya ushahidi gani, kanuni gani inauunganisha ushahidi na dai, na ni hali zipi zinazoitengua kanuni hiyo? Swali la mwisho ndilo la kukaa nalo kwa muda mrefu, kwa sababu wajumbe wakongwe wanazijua hali ambazo hazimo katika takwimu zozote alizonazo fundi.

Jihadharini pia na programu inayoamua kwa njia yake, kisha ikatunga hoja za kupendeza baadaye. Kuipima si kazi ngumu: ondoeni ushahidi ambao hoja iliyoshinda imeutegemea, kisha mlipitishe ombi lile lile upya. Uamuzi ukibaki vile vile wakati hoja yake imeshaanguka, maelezo yale hayakuwa sababu ya kweli.

Hutokea hoja mbili zikapingana zenyewe kwa zenyewe na pasiwe na ya tatu ya kuamua. Kwa kanuni ya Dung iliyo ya tahadhari zaidi, hapo haikubaliwi hata moja. Wapo mafundi wanaotaka programu ichague tu ili kazi iende haraka, nami nalipinga hilo kabisa: ombi la namna hiyo lipelekwe kwenye kamati, hoja zote mbili zikiwa zimeandikwa, na mwombaji aitwe asikilizwe.