Cheti cha babu yako

Mwanangu,

Umeniuliza cheti cha babu yako ukitafute kaunti ya Kilifi ama Taita Taveta, maana umeona mahali pameandikwa kazaliwa Malindi na yeye maisha yake yote alijiita mtu wa Kasigau, ule mlima wetu wa Taita. Kaunti zimekuja juzi tu, 2013, makaratasi ya wakati huo yamepangwa kwa wilaya, anzia faili za wilaya pale Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi.

Lakini babu yako hakudanganya. Ile 1915 unaijua, vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka kambi ya Waingereza pale Kasigau, Waingereza nao wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia, basi wakasombwa wote hadi Malindi, wazee kwa watoto, wengi wakafa huko kwa magonjwa, na kurudi ni miaka ya 1930. Babu yako kazaliwa hapo katikati. Karatasi huandika mtu alipokutwa, haiandiki alikotoka, nimekwambia tangu ukiwa shule ya msingi.

Nikiwa na miaka 22 nilimpeleka kwa ofisi fulani mambo ya shamba, karani akasoma kitambulisho akasema kwa sauti, foleni nzima ikasikia, mzee wewe ni wa Malindi, huku unatafuta nini? Baba hakujibu, akachukua kofia yake akatoka. Na mimi niliyesoma, niliyejua habari yote, nikanyamaza, niliogopa shamba litapotea. Tulitembea mpaka stendi hakuna aliyemsemesha mwenzake. Shamba tulipata baadaye, lakini ile foleni naiona mpaka leo.

Labda karani hakukosea, Malindi ni Malindi. Hapana, alikosea. Karatasi huandika mtu alipokutwa.

Kwa hivyo ukimaliza na hizo faili nenda Rukanga, uzunguke mlima mguu kwa mguu, kijiji kwa kijiji, Jora, Bungule, Makwasinyi, uulize wazee ukoo gani ulichota maji kwa kijito kipi, hapo ndipo utajua nyumba ya kina babu ilikuwa upande gani. Kijito chetu nakijua, magoti yakikubali nitakuonyesha mwenyewe.

Na kwa huo mti wa ukoo unaochora, mahali pa kuzaliwa sitakwambia uandike nini. Mimi ningeandika... basi, wacha. Panda kwanza. Na ubebe sweta, kule juu ukungu hautoki mapema.

Babako