Julai ilisimama, Februari ikaanguka: kupandisha kasi ya Ryzen 5 2600 huku visiwani

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kwa nini prosesa yako ya Ryzen 5 2600 uliyoipandisha kasi hadi 4.1 GHz inacheza magemu usiku kucha, lakini mchana inajizima na kuwaka yenyewe, na kama pawa saplai ndiyo inayokufa. Pawa saplai usinunue kwanza. Mie pesa ya namna hiyo nishaitupa.

Prosesa yangu ni hiyohiyo, nimeiunga mwenyewe kwenye madabodi ya B450 ya bei ya chini, chumba cha bati kisicho na dari, Jang'ombe. Kazi yangu kuhariri video za harusi. Niliipandisha Julai, kusi linavuma, chumba nyuzi 25. Nikaweka 4.1 kwa volti 1.375, Prime95, ile programu ya kuikamua prosesa kuijaribu, ikakimbia usiku mzima, joto la prosesa halikuvuka 82. Nikajiona fundi.

Ikaja Februari 2024, Shaaban, na mnajua harusi zinavyobanana kabla ya mfungo. Saa nane mchana, video imefika asilimia 91, skrini ikawa nyeusi na mashine ikawaka upya. Mama wa bibi harusi yuko kwenye simu. Nikaulaumu umeme, maana huku kwetu umeme haukosi lawama, nikanunua stabilaiza. Ikaanguka tena, stabilaiza imo.

Nilichelewa kuangalia palipotakiwa: kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer). Ukikuta tukio la Kernel-Power namba 41 peke yake, hiyo inakwambia tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga; yaweza kuwa umeme, yaweza kuwa chochote. Lakini ukikuta na WHEA-Logger 18, ni prosesa inalalamika, na kwa mashine iliyopandishwa kasi mtuhumiwa wa kwanza ni wewe mwenyewe. Kwangu nilikuta matukio matano ya namba 18, yote kati ya saa saba na saa kumi mchana.

Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda takriban hizo hizo. Ile 82 ya Julai ilikuwa 92 wakati wa kaskazi, na mwisho wa prosesa hii ni 95. Tena ikishapata moto, volti iliyotosha ikiwa na nyuzi 70 haitoshi tena. Ukiongeza volti unaongeza moto, unazunguka palepale.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakitazami: vile vipande pembeni mwa prosesa vinavyoigawia umeme. Kwenye madabodi yangu viko wazi, havina hata kipande cha alumini juu. Nilipofungua ubavu wa kesi, hewa iliyotoka pale ilikuwa kama ya jiko la mkaa. Nimefunga feni ndogo ya milimita 80 kwa vile vifungo vya plastiki vya nyaya, inapuliza pale tu. Sura mbaya, lakini ndiyo iliyonisaidia kuliko stabilaiza.

Nilivyoanza upya: ramu nikairudisha kasi yake ya kawaida, ili kosa likitokea nisibabaike ni la nani. Volti nikaifunga 1.2875, kasi nikaanza 3.8 GHz na kupanda kwa hatua za 0.025 GHz. Kila hatua Prime95 saa nzima, na saa yenyewe ni ya adhuhuri, dirisha limefungwa. Jaribio la usiku wa kusi ni la kujidanganya. Prime95 hukipa kila kiini cha prosesa mfanyakazi wake; mmoja akisimama kwa kosa, usiseme wengine watano bado wanakwenda. Hapo umeshashindwa, rudi hatua mbili. Tazama pia volti mzigo ukiwa juu, kwani hushuka chini ya ile uliyoandika kwenye bayosi, yaani mipangilio ya madabodi.

Nimekaa 3.95. Piga hesabu: joto hufuata kasi, na hufuata volti mara volti. Kutoka 3.95 kwa 1.2875 hadi 4.1 kwa 1.375 unapata kasi asilimia 4, unalipa moto karibu asilimia 18. Kwenye video ya saa moja hata hutoiona hiyo asilimia 4. Yako huenda ikafika 4.0, prosesa hazilingani, bahati yako tu.

Basi fungua hizo kumbukumbu leo, uniambie umekuta 18 au 41 peke yake. Ikiwa ni 41 tupu, hapo tena tuizungumze hiyo pawa saplai.