Kabla hujasema watu wako tayari kwa dijitali, kakae kwanza kwa wakala

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuzunguka vijiji vya Dodoma kuangalia kama wakulima wataweza kutumia app ya bei za mazao, nikaenda na fomu yangu kwenye tableti, swali la kwanza "una simu?" na karibu wote wakasema ndio. Nikarudi mjini kifua mbele. App ikaletwa, mwezi haujaisha hakuna anayeifungua.

Swali langu ndo lilikuwa bovu. Simu wanazo ila nyingi ni vitochi, tachi ya nyumba nzima anayo baba na baba yuko mnadani, chaji mpaka upeleke dukani, bando linanunuliwa kukiwa na msiba au harusi. Na jamani msihesabu laini mkadhani mmehesabu watu, huku kwetu mtu mmoja ana laini mbili tatu, hii ya bando hii ya kutumiwa hela.

Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia nenda siku ya gulio, kaa kwenye kibanda cha wakala nusu saa, nyamaza. Utamwona mama anampa wakala simu na namba ya siri anaitaja kwa sauti, "mwanangu nitolee elfu kumi". Kwenye takwimu huyo mama ni mtumiaji kamili wa huduma za kifedha za simu!

Vipimo vikubwa sivipuuzi. Kile cha Umoja wa Mataifa cha serikali mtandao, kinachotoka kila baada ya miaka 2, kinaangalia huduma zilizopo mtandaoni, miundombinu ya mawasiliano na elimu ya watu, ila kinakupa picha ya nchi, kijiji hukioni humo. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 haikusubiri watu wawe na tachi, menyu ilikaa kwenye laini na kitochi kikatosha.

Uliza pia intaneti ikizimika mnafanyaje. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, sisi ofisini Dar tulikaa tunaangaliana, muuza mchele wa jirani anaendelea na daftari lake la madeni.

Fomu yangu ya sasa ina swali moja tu la simu: mara ya mwisho uliitumia mwenyewe kufanya nini, hebu nionyeshe. Wakifika hapo kwenye nionyeshe wengi wanacheka, halafu wanamwita mtoto.