Shirika la pili likija kwenye njia ileile: ninayoyajua kutoka uwanja mdogo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Anafanya kazi kwenye uwanja wa ndege mdogo, kama ule niliotumikia mimi, na bosi wake ametangaza kwa shangwe kwamba shirika la pili linakuja kuruka njia ambayo tayari ina shirika moja. "Kaka, tushangilie au tuogope?" Nilitaka kumjibu mistari mitatu tu, nikashindwa. Namjibu hapa, maana najua mpo wengi mnaotamani uwanja wenu ujae ndege.

Mimi nilianza vibaya. Andiko la kwanza nililolipeleka kwa shirika la ndege lilikuwa na kurasa 48: picha za jengo jipya, urefu wa barabara ya kurukia, idadi ya wakazi, salamu za viongozi. Nililipenda andiko lile. Mama aliyesimamia mipango ya safari za shirika hilo alizipitisha kurasa kwa kidole gumba bila kusimama popote, akalifunga, akaliweka mezani na kuuliza: "Watu wenu leo wanapandia ndege wapi?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Kikao cha saa nzima kikaisha kwa dakika 20.

Swali lile liliniuma kwa muda mrefu, na hadi leo nalishukuru. Tulikwenda kwenye uwanja mkubwa wa jirani, tukasimama karibu na foleni ya kukabidhi mizigo na kuwauliza abiria umetoka wapi, unakwenda wapi, kwa nini hukupandia kwetu. Miezi ya kuomba vibali na kuingiza majibu kwenye kompyuta naiacha. Tuligundua kwamba watu wetu wengi walikuwa wakielekea mji mmoja ambao kwenye kurasa zangu 48 haukutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo hesabu watu kwanza. Usihesabu wakazi, hesabu wasafiri.

Shirika lilikuja na ATR 72, ndege ya mapangaboi yenye viti kama 70. Ikienda na kurudi mara moja kila siku, kwa mwaka ni viti 51,100. Kuvijaza kiasi cha kutosha kulitutoa jasho, lakini tuliweza, na sioni haya kusema kwamba niliona fahari kila nilipoisikia ikikaribia.

Kisha likaja shirika la pili na jeti ya viti 189, nayo kila siku. Hivyo ni viti 137,970 vingine, kwa watu walewale. Tena ndege zote mbili zilikuwa zinaondoka asubuhi, zikipishana kwa chini ya saa moja. Nauli zikaporomoka, abiria wakasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na mimi nikasimama mbele ya wafanyakazi nikawaambia ushindani umetufikia.

Nilikuwa na hoja yangu. Southwest, shirika la nauli nafuu la Marekani, ilianza kuruka ndani ya Texas mwaka 1971, na mwaka 1993 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikaipa jina "athari ya Southwest" ile hali ya nauli kushuka na abiria kuongezeka shirika hilo linapoingia kwenye njia. Ni kweli kabisa. Ila nauli ndogo huwaibua watu waliopo, haiwaumbi. Ryanair, shirika la nauli nafuu la Ireland, ilipofanya uwanja mdogo wa Charleroi, Ubelgiji, kuwa kituo chake mwaka 2001, mji mkuu Brussels na watu wake wote ulikuwa jirani tu. Sisi hatukuwa na Brussels.

Lile la viti 189 liliondoka kwanza. La viti 70, likiwa limeshachoshwa na nauli za hasara, halikusubiri msimu uishe. Asubuhi ya safari ya mwisho nilisimama kwenye kioo cha ukumbi wa kuondokea. Kijana wa mizigo aliondoa vizuizi vya matairi, akavibeba kimoja kila mkono, na ndege ilipoishia mawinguni alikuwa bado amesimama navyo. Sijaisahau mikono ile.

Sasa nikuambie wewe unayefanya kazi pale. Ndege ni mali inayohamishika. Shirika halina ndoa na uwanja wako, na likiona saa za ndege yake zinalipa zaidi kwingine, litakwenda huko. Ukisamehe ada zote ili lije, umelipa furaha ya mwaka mmoja. Hata Charleroi, iliyofanikiwa, ilivutwa kwenye kesi: Kamisheni ya Ulaya iliamua mwaka 2004 kwamba sehemu ya nafuu iliyopewa Ryanair haikuwa halali, na mahakama ikautengua uamuzi huo mwaka 2008. Muda wote huo ni wa mawakili.

Mfano ninaoupenda mimi ni Noto, Japani, uwanja uliofunguliwa mwaka 2003. Serikali za mitaa na shirika la ndege walikubaliana kiwango cha viti kujaa, asilimia 70 kwa mwaka wa kwanza. Visipofika, wenyeji wangelifidia shirika. Vikizidi, shirika lingewarudishia wenyeji. Vilizidi. Hapo kila upande una sababu ya kutafuta abiria, na hakuna anayekaa kusubiri msamaha wa ada.

Basi, omba mji mwingine. Shirika la pili likikataa mji mwingine, omba saa nyingine: moja liondoke alfajiri, jingine jioni, ili mtu wa biashara aende na kurudi siku hiyohiyo. Likikataa na hilo, omba ndege ndogo zaidi. Na kabla ya yote, hesabu wasafiri, nimeshasema na narudia, hesabu wasafiri.

Kwako dada uliyeniandikia: hukuniambia ndege ya shirika jipya itaondoka saa ngapi. Muulize bosi wako kesho, kabla mkataba haujasainiwa, kisha uniandikie.