Swali moja lilinifaa kuliko PDF hamsini

Mwalimu mwenzangu unayeanza, pengine jambo la kwanza utakalofanya ni kufungua kundi la WhatsApp na kumwaga humo notsi zote. Nami nilianza hivyo. Muhula mzima nilituma PDF baada ya PDF, wanafunzi wakajibu "asante mwalimu", na mtihani ulipofika makosa yakawa yale yale. Notsi ziliwafikia, lakini mimi sikujua wanafikiri nini.

Nilikuja kuzinduka tulipofika kwenye umeme. Nilitengeneza fomu ya Google yenye swali moja: balbu mbili zimeunganishwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, je, mkondo wa umeme unaotoka kwenye balbu ya kwanza ni mdogo kuliko ulioingia? Chini yake niliandika: eleza kwa nini. Kwenye fomu hakuna anayeona jibu la mwenzake, kwa hiyo hata wale wasionyoosha mkono waliandika. Wengi walieleza, tena kwa kujiamini, kwamba balbu "inakula" sehemu ya mkondo. Darasani hao hao walikuwa wakiitikia kwa kichwa kila nilipouliza kama tumeelewana!

Kesho yake sikurudia maelezo. Nilifungua PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ya bure, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, nikajenga sakiti (njia ya umeme) ile ile ukutani kwa projekta. Kabla ya kuweka ameta, kipimo cha mkondo, nilimtaka kila mmoja aandike kwenye daftari anatarajia kusoma nini. Tukapima kabla ya balbu, tukapima baada yake: namba ni ile ile. Hapo ndipo maswali yalipoanza, na tukaweza kutenganisha mkondo, ambao haupungui, na nishati, ambayo balbu huigeuza kuwa mwanga na joto. Majaribio mengi ya PhET unaweza kuyapakua mapema na kuyafungua bila intaneti. Yapakue, mtandao hupenda kukatika katikati ya kipindi.

Video za YouTube nazo zinafaa, ila itazame yote kwanza, kisha uonyeshe dakika mbili au tatu unazozihitaji.

Kuhusu makundi nitasema bila kuzunguka. Kundi la WhatsApp huweka namba ya kila mwanafunzi mbele ya wenzake wote, na nimewahi kuona binti akisumbuliwa kwa sababu hiyo. Matangazo yapeleke kwenye chaneli ya Telegram, ambako wafuatiliaji hawaonani namba. Mitandao mingi mikubwa haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13, basi kwa darasa la wadogo wasiliana na wazazi. Na usichati faraghani na mwanafunzi, hata kama swali lake ni la hesabu tu, mjibu darasani.

Wasio na simu usiwasahau. Mimi huwapa swali lile lile kwenye karatasi siku moja kabla, na majibu yao nayasoma pamoja na ya fomu, kabla sijaamua kesho nitaanzia wapi.