Mpini mfupi ndio unaovunja kiuno

Mmeuliza wiki hii: mtu afanye nini ili kazi ya bustani isimwachie maumivu ya kiuno, magoti na mikono? Mimi naanza na mpini. Watu wanamaliza dawa za kuchua huku reki iliyoegeshwa ukutani ikiwa fupi kwao kwa shubiri nzima.

Ipime hivi. Vaa viatu vya kazi, simama wima, simamisha reki mbele yako. Mpini ukiishia kiunoni, kazi yote utaifanya umeinama. Ukifika kifuani au begani, utakusanya majani mgongo ukiwa umenyooka. Zana ya kupalilia juujuu nayo ni vivyo hivyo. Jembe la kulimia ni suala jingine, kwa kuwa linarushwa, na mpini mrefu kupita kiasi hulifanya ligome kuelekezwa. Hilo usilinyanyue kupita mabega. Kunja magoti kidogo, liache lishuke kwa uzito wake, na kila tuta likiisha badilisha mkono unaotangulia. Siku za mwanzo utaona tabu, kisha mwili unazoea.

Ukiinama, misuli ya kiuno tayari imebeba kichwa, mikono na kifua, hata kabla hujagusa udongo. Ukikaa hivyo dakika 20 mfululizo, kano zinazoshikilia pingili za uti wa mgongo hulegea kwa muda, na misuli inayozilinda huchelewa kuitika. Hapo ndipo mtu anapogeuka ghafla kuvuta ndoo, kiuno kikakamata, halafu lawama zote zinaiendea ndoo. Kwa hiyo kila dakika 15 au 20 simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe kwa nyuma taratibu mara tano. Na ukitoka kuinama, tembea dakika mbili tatu kabla ya kunyanyua chochote kizito.

Palizi ya kuinama isiwe kazi ya kwanza ukitoka kitandani. Usiku, gegedu zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kujaa, na mgongo huamka mkakamavu. Saa ya kwanza mwagilia, zungukia mimea, funga matawi yanayolegea, kuinama kutafuata.

Kuhusu mizigo, lita moja ya maji ni kilo moja, basi ndoo ya lita 10 ni kilo 10 na uzito wa ndoo yenyewe. Makopo mawili ya lita tano, moja kila mkono, ni salama kuliko moja la lita 10 linalokupindisha upande. Gunia la samadi lisogelee kwanza hadi liguse miguu, kunja magoti na nyonga, likumbatie kifuani, kisha inuka. Unapotupa udongo kwa beleshi, geuza miguu. Kiuno kinachopinda huku kimebeba ndicho kinachoumia. Kwenye toroli, panga mzigo karibu na gurudumu ili uzito ukae juu yake badala ya mikononi mwako, na tairi lijazwe upepo, maana tairi laini hukuongezea mzigo bure. Mkanda wa kiuno siupendekezi: humpa mtu ujasiri wa kubeba asichokiweza.

Magoti yanataka kitu laini chini, godoro la zamani lililokatwa au mto mnene. Piga goti moja, mguu mwingine ukanyage chini, kisha badilisha. Kuchuchumaa muda mrefu hubana mishipa ya fahamu karibu na goti, na mguu unakufa ganzi.

Mkasi wa kupogolea uliobutuka humaliza kifundo cha mkono. Futa utomvu kila unapomaliza, noa, na ukikata weka tawi ndani kabisa karibu na pini, si kwenye ncha. Tawi nene kuliko kidole likatwe kwa msumeno. Mpini wenye vibanzi upigwe msasa, kisha upakwe mafuta, na malengelenge yatapungua. Jembe linalocheza kwenye mpini watu hulitumbukiza majini usiku. Mti huvimba na jembe linakaza, lakini jua likiukausha linalegea tena, pengine likiwa hewani. Gonga kabari mpya.

Ncha za miti ya kuegemezea nyanya zivishwe chupa tupu ya plastiki, kwani ukiinama jicho hushuka sawasawa na ncha. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama unaona vizuri.

Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi. Mtu mzima aliyekwisha kukamilisha chanjo huongezewa kila baada ya miaka 10. Jeraha likiwa la kina au chafu, na chanjo ya mwisho imepita miaka mitano, osha jeraha kwa maji na sabuni kisha ukachanjwe mapema.

Maumivu ya kawaida ya misuli hupungua ndani ya siku chache, na kutembea huyasaidia kuliko kulala. Lakini mguu ukiishiwa nguvu, ukipata ganzi sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia mkojo au kuutoa, acha kuchua na usingoje kesho. Ni hospitali saa hiyohiyo.